Mita Kumi na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri natoka na Farrusco,
kabla mtaa haujaamka,
kabla ya mzee Gaudêncio na kijibwa chake cheupe
kilichopakwa poda kama bibi harusi.
Mwaka mzima nimeishi kama mwizi mlangoni pangu,
nikichungulia kila kona kabla ya kuikata.
Porto ni mji wa ngazi na vichochoro;
hakuna pa kupishana bila kugusana mabega.

Ndani ya nyumba ni malaika.
Hulalia viatu vyangu, huogopa ufagio,
paka wa jirani humpora chakula naye akamtazama tu.
Lakini nimfunge ugwe, tuvuke kizingiti,
aone mbwa mwenzake ng'ambo ya reli ya tramu:
husimama kwa miguu miwili,
hubweka mpaka sauti inampasuka,
nami nyuma yake naburutwa kama gunia la viazi
nikisema samahani, samahani, samahani,
neno nililolivaa hadi limelika kisigino.

Kila mtu ana dawa.
Mvute. Mchape na gazeti.
Mnunulie ule mkufu wa miiba.
Mrudishe ulikomtoa.

Nilikomtoa ni kwa kaka yangu Adelino,
ambaye siku hizi hanijui jina,
ila Jumapili aliniuliza
kama Farrusco amekula.

Mficha uchi hazai. Mimi nilificha miezi kumi na minne.
Siku aliponibwaga kwenye mawe yaliyolowa
goti likafunguka kama komamanga,
nikapiga simu hapo hapo, bado nimekaa chini.

Akaja mwanamke mfupi, Iolanda,
buti za mvua, kifuko cha jibini kiunoni.
Nilitegemea atamkemea mbwa.
Mbwa hakumtazama hata. Alitazama mkono wangu.
"Umeuzungusha ugwe mara ngapi?"
Nikahesabu. Tatu. Vidole vyeupe kama chaki.
"Na pumzi umeiweka wapi?"
Nilikuwa nimeibana tangu mlangoni.
"Anausoma ugwe kama wewe usomavyo barua.
Kila kona unamwandikia: hatari hiyo inakuja."

Miaka thelathini na mmoja nimepanga barua za watu posta,
sikujua kwamba na mimi naandika.

Kwanza alitutuma kwa daktari wa wanyama.
Gego moja lilikuwa limeoza, likang'olewa.
Nikadhani yamekwisha.
Hayakwisha.

Basi tukawa tunakutana nyuma ya kiwanda cha soksi kilichofungwa,
yeye na jike lake zee lisilojali lolote
wamesimama kule, sisi huku.
Mita arobaini: Farrusco anakula jibini.
Thelathini: anakula.
Kumi na mbili: masikio wima, shingo imekakamaa,
jibini linadondoka mdomoni wala halioni.
Iolanda akachora mstari kwa chaki.
"Hapa ndipo hofu inapoanzia.
Kwa sasa tutaishi upande huu."

Hofu.
Na mimi mwaka mzima nikiiita hasira.

Sitawadanganya kwamba njia ilinyooka.
Wiki ya tano alirudi nyuma kabisa,
aliurukia hata mwavuli wa mtawa.
Nililia jikoni; yeye akaja akalala juu ya viatu,
miguu yangu ikiwa bado ndani.

Leo asubuhi Gaudêncio alichelewa, au sisi.
Tukakutana penye ukuta wa vigae vya buluu,
hakuna mita kumi na mbili, hakuna hata sita.
Nikatoa pumzi. Nikavuka upande wa pili.
Farrusco akabweka mara mbili.
Mbili tu.
Kisha akageuka kunitazama,
kama anayeuliza iwapo barua imefika.

Nikampa jibini lote, pamoja na lile la mkate wangu wa mchana.
Gaudêncio kasimama, kijibwa kwapani, anangoja neno lake la kila siku.
Nikafungua mdomo kusema samahani,
likatoka: habari za asubuhi.

Saa moja ni yuro arobaini.
Jumanne tunajaribu mita kumi na moja.