Wavu wa Bugarika

Mrunda mmoja elfu mbili na mia tano.
Nilihitaji sita. Nikahesabu hela, nikahesabu tena,
kana kwamba kuhesabu huzaa.

Huku Bugarika tunaishi juu ya mawe;
udongo wenyewe niliupandisha kwa ndoo,
na matango yalikwisha anza kunyoosha vikono,
yanapapasa hewa
kama mtu aliyezimikiwa taa.

Nikashuka mwaloni Kirumba, kwa Ng'wasi mshona nyavu.
"Huu umekufa," akasema, "sangara wameumaliza.
Chukua. Utanilipa tango."

Nikaufunga kati ya dirisha na mwamba
kwa vipande vya mpira wa baiskeli.
Siku tatu paka wa jirani alikesha chini yake,
ananusa, analalamika.
Lubango akapita: "Mama Minza, unavua nchi kavu?"
Sikumjibu. Nilikuwa nazungusha mche wa kunde, taratibu,
maana shina changa halilazimishwi,
huonyeshwa tu pa kushika.

Juzi nikakuta tango limenasa kwenye tundu,
limebanwa kiuno, huku nene, huku nene.
Kisu mkononi: nikate wavu, au nikate tango?

Wavu una mwaka mwingine ndani yake.
Nikakata tango.
Kipande cha juu nilikila palepale, na chumvi.
Cha chini kimo kikapuni, pamoja na mazima mawili,
nateremka navyo Kirumba.
Kinanukia sangara kwa mbali.
Ng'wasi hata hatagundua.