Kalenda ya Kichwani

Mwaka wa kumi na moja huu niko Soko la Kenyatta,
kibanda cha kona, moshi wa nyama choma ukiingia bila hodi,
na vidole vyangu vimejifunza kusoma
yale ambayo wateja hawasemi.

Nywele hukua inchi nusu kwa mwezi, au pungufu.
Kwa hiyo nikishika unywele wako kati ya gumba na shahada
nimeshika kalenda.
Huku nchani ulikuwa bado kwa mama yako,
unakula ukiitwa, unaongezwa bila kuomba.
Hapa katikati umehamia Pipeline, umepata kazi ya zamu.
Hapa karibu na ngozi, Mbithe,
hapa pamenyamaza.

Alikuja Jumamosi na mfuko wa chupa:
mafuta ya nyonyo, maji ya mchele, kitunguu kilichosagwa,
na dawa moja ya elfu tatu
aliyouziwa River Road na mtu mwenye kipara.
"Nisuke," akasema, "unifiche hapa mbele."
Hapa mbele pamerudi nyuma vidole viwili.

Nikamwuliza jana alikula nini.
Akacheka. Nikauliza tena.
Chai. Mandazi mawili. Saa nane, chai.
Usiku chipsi za hamsini, kwa sababu gesi iliisha.

Sikushika kitana.
Nikamwambia, mwili ukipungukiwa hugawa kwa ukali:
moyo kwanza, ini, mapafu, damu.
Nywele ni mgeni wa mwisho kwenye sinia,
akifika anakuta ukoko,
siku nyingine harufu tu.

Nenda Toi, kwa Kwamboka, kabla jua halijanyausha mboga.
Chukua managu, chukua terere,
usizichemshe mpaka zisahau rangi yao.
Omena kopo moja, ukaangie kitunguu hicho unachojipaka.
Ndengu. Yai, na kiini usikitupe.
Maini, mshahara ukiingia.
Kamulia ndimu juu ya mboga,
na chai, tafadhali, chai ingoje nje saa nzima,
maana ina mkono mrepesi, huiba chuma sahanini.
Halafu pita kliniki wakupime damu.
Mimi msusi, sikusomea udaktari.

Akaondoka na kichwa chake vilevile.
Elfu moja mia tano zikaondoka naye.
"Sasa unafukuza watu kwa mboga?" akauliza Achola wa kibanda cha pili,
na sikuwa na jibu, nilikuwa na kodi.

Saa kumi nikanunua sambusa, kama kila siku,
nikala nimesimama,
vidole vikinukia jeli.
Mkono wa kushoto ukapanda wenyewe
chini ya kilemba, hadi utosini,
mahali nisipomwonyesha mtu.
Pana duara pale, kadiri ya sarafu ya ishirini,
laini kama ndani ya shavu.
Najua kusoma vichwa vya Nairobi nzima.
Hiki nilikifunga kitambaa.

Ikapita miezi mitano. Akarudi
bila chupa, na bakuli limefungwa kwa leso.
"Damu yangu ilikuwa saba," akasema. "Sasa kumi na nusu."
Akainama penye mwanga:
vinywele vifupi, vikaidi, vimesimama kila upande
kama watoto waliotoka kwenye mtihani.
Si vingi. Upande wa kulia bado pamelala,
na sikumdanganya kwamba pataamka.

Nikanyoosha mkono kuchukua kitana.
Akanisukumia bakuli.
Managu, omena na vichwa vyake, ugali wa wimbi,
kipande cha ndimu pembeni.
"Kula kwanza," akasema. "Na uvue hicho kilemba, joto hili."

Nilikula.
Kilemba nilikilegeza kidogo,
upande wa ukutani.