Mboga za Ndani

Nyumba ya bibi ilianguka mwaka ule wa mvua ya siku tisa:
dari kwanza, boriti zikafuata,
kisha kimya, na vumbi la chokaa juu ya mikeka.
Fedha ya fundi hapakuwa na mwenye nayo.
Miaka kumi na minne pakawa jaa la mtaa
na baraza la paka wa Langoni.

Mwaka huu nilikwenda kwa Shekuwe kununua mchicha.
Fungu moja, la kutoka bara,
limenyauka kama barua ya mtu aliyekwisha kukuacha.
"Hamsini," akasema, macho makavu,
na jina langu tayari limo daftarini,
ukurasa wa tatu, chini ya mstari mwekundu.
Nikalirudisha fungu mezani.
Nikaondoka na kikapu kitupu na hasira nzuri.

Hasira hiyo ndiyo iliyonunua jembe.

Nikampigia ami Mombasa, mrithi mkubwa.
Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
"Lima," akasema, "lakini mti usipande.
Mti una mizizi, na mizizi ina madai.
Panda vya msimu, vya kuliwa vikesha."
Nikasema, haya.

Nikaanza na mawe.
Matumbawe ya ukuta, vigae vya sahani za arusi,
soli ya kiatu cha mtoto,
kitasa kisicho na mlango.
Siku kumi na moja sijauona udongo;
sijui nilikuwa naizika nyumba au naifukua.

Samadi haikunisumbua, mji huu una punda.
Alfajiri, kabla ya wenye mafagio,
nilitoka na ndoo, buibui nimelikaza kiunoni,
nikamfuata nyuma punda wa Bwanaheri
kama anayemdai.
Watoto wakanipa jina. Sitaliandika.

Kisima cha uani kina maji ya chumvi.
Nyanya ziliyaonja, zikafa
zote ishirini na mbili, juma moja.
Nililia, sikatai, lakini kidogo:
machozi nayo yana chumvi,
na pilipili zilikuwa karibu.

Basi nikawa mwizi wa maji matamu nyumbani kwetu.
Ya kuoshea mchele. Ya kusuuzia vikombe.
Baba nikamwekea beseni chini ya miguu:
"Tawadha hapa, baba, bamia zina kiu."
Akatazama beseni, akanitazama mimi,
akatawadha.

Ukuta wa ndani bado umesimama na zidaka zake,
zilimokaa bakuli za bibi, za maua ya buluu.
Nimepanga humo makopo ya maziwa,
kila kidaka na mche wake:
biringani, pilipili mbuzi, bamia, biringani tena.
Husema mchumia juani hulia kivulini.
Mimi nachumia juani, nalia juani;
paa halipo.

Juzi nimevuna.
Fungu moja la mchicha, lenye matundu
ya wadudu waliotangulia kufuturu.
Nikapiga hesabu: jembe, mbegu, wavu wa kuzuia mbuzi.
Fungu hili limenigharimu elfu mbili na mia tatu.
Shekuwe asisikie.

Nikalipika kwa nazi.
Baba akala, akauliza, "Wauza nani huu?"
"Watoka ndani kwa bibi," nikasema,
"pale palipokuwa kitanda."
Akatafuna polepole, kama anayesoma.
"Pale ndipo nilipozaliwa," akasema.
Akasogeza sahani, niongeze.

Daftarini bado nimo,
ila ukurasa wa tatu haujageuzwa mwezi mzima.
Na pembeni, ninapotupa maganda ya jikoni,
pameota kitu, majani yake kiganja kilichokunjuliwa.
Mpapai. Sikuupanda, Mungu shahidi.
Nimeupa maji ya udhu mara mbili tu.
Tatu.

Ami akija nitamwambia ni mboga,
ila imerefuka.