Friji

Nimeuza friji
kwa kitabu kisichojaza kiganja:
barua za Kilatini, jalada la ngozi ya nguruwe,
mwaka umeliwa na mende, imebaki MDX na vumbi.

Upanga joto haliheshimu karatasi.
Nimekilaza juu ya mchele, ndani ya bati la biskuti,
na Redempta, binti yangu, ananiuliza
kama mchele ule bado ni wa kula.

Nasoma kwa kidole, Kilatini cha seminari kikinikwama kooni:
“Ndugu, usikasirike nimechelewa kujibu.
Wino uliganda. Tarishi alilewa.”

Pembeni, kwa wino uliofifia, mkono wa mtu mwingine:
mendax.
Mwongo.

Nacheka peke yangu, maji ya moto mkononi.
Friji zimejaa Kariakoo.