Nyuzi Mia na Themanini

Chumba changu kiko juu ya duka la Fundi Shebwana,
barabara ya Lamu, Malindi, mlango wa bluu.
Cherehani ikianza meza yangu hutetema
na mshale wa kipanya huyumba juu ya Uturuki.

Nachora njia za ndege za dunia.
Mteja ametuma data, safu elfu sitini na kitu,
kila safu na pa kuondokea, pa kutua.
Anataka ukigusa mji nyuzi zake ziwake,
mingine ififie kama jamaa wasiohusika na mirathi.

Wiki ya kwanza Ulaya ilikuwa sahani ya tambi.
Huioni Paris, huioni Roma, waona mnato tu.
Nikapunguza wino. Nikapunguza tena.
Njia ya safari moja kwa wiki nikaipa unywele,
ya Dubai na London nikaipa ugwe.

Kisha nikapinda mistari.
Shebwana, aliyepanda kudai pesa za stima, akauliza,
"Kwani rubani hajui kunyoosha?"
Jibu la mdomo sikuwa nalo. Nilikuwa na chungwa.
Akatoa uzi mfukoni, akauvuta juu ya ganda,
ukajilaza wenyewe pale palipo karibu.
Tukala chungwa. Stima akaisahau mpaka Ijumaa.

Mmoja ukakataa kupinda.
Auckland kwenda Los Angeles:
badala ya kuvuka Pasifiki iliyo mlangoni pake
ulirudi nyuma, ukaipitia dunia nzima,
Australia, bahari yetu, misitu ya Kongo, Atlantiki,
umekazwa kama kamba ya kuanikia.
Ukakata pwani hapa hapa, kusini yetu,
upana wa ukucha kwenye skrini.

Sisi hatumo.
Ndege zetu huishia humu humu nchini,
na mteja alisema visivyo na safari za nje visionekane.
Sharti hilo nililiandika mimi, mstari mmoja mfupi,
nikanywa chai, nikaendelea.

Basi ule wa kosa nikauacha siku tatu.
Kadzo, anayefunga vifungo dukani, akaja kuutazama.
"Huu ndio wetu?"
Akaugusa. Ukawaka.
"Safari saba kwa wiki," akasoma,
"na hatujasikia hata muungurumo!"

Siku ya nne mteja akaandika:
huo unaokatiza Afrika, uondoe.
Usiku kucha nilihesabu nyuzi za longitudo,
mia na sabini na tano huku, mia na kumi na nane kule,
na hesabu kila mara ilichagua njia ndefu,
kama mtu anayekwepa kupita nyumba ya mdai.

Shebwana alikuwa na mkono wa kanzu mapajani, anaufumua.
"Dunia yako ni mkono," akasema, "wewe umeupasua
ukautandaza mezani. Una mshono, na umesahau ulipo.
Uzi ukifika mshononi ukate.
Nusu iishie ukingo huu, nusu ianze ukingo ule.
Atakayeuvaa ataona mmoja."

Nikakata kwenye nyuzi mia na themanini.
Mstari ukaruka kwenda kwao, nusu kulia, nusu kushoto.
Mteja akajibu kwa neno moja. Pesa zikaingia Jumanne.

Kadzo akapanda na chapati,
akapitisha kidole pwani, taratibu,
toka Kiunga hadi Vanga, mara mbili.
Hakuna kilichowaka. Akafuta alama ya mafuta kwa leso.

Sikumwambia kwamba sikuufuta.
Uko ndani ya programu, nimeuzima tu,
na juu yake nimeandika, kwa atakayekuja kusafisha:
usiguse huu, umeshika kitu.

Chini, cherehani ikaanza tena.
Mshale ukayumba.