Mwindwa wa Nne

Nilikufa mara tatu Alkhamisi ile, msituni Ngezi,
kwa elfu ishirini na sahani ya wali,
nusu kabla ya kufa, nusu baada.
Hiyo nusu ya baada mpaka leo naidai.

Filamu ya Dadi: matajiri watano
wamechoka kuwinda simba, wamechoka na papa,
wananunua kisiwa, wananunua na watu,
kisha wanawaambia: haya, kimbieni, tunahesabu hadi mia.
Walipokuja kuhesabiwa, matajiri ni watatu;
wawili nauli ya boti ya Unguja iliwashinda.
Tajiri mkuu ni Faki, fundi baiskeli wa Konde,
ndani ya suti ya harusi ya shemejiye,
kikaratasi cha dobi kingali kimebanwa kwenye ukosi.

Bunduki ni bomba la maji lililopakwa dawa ya viatu.
Jua lilipopanda rangi ikayeyuka, ikamganda Faki shavuni.
"Usifute," Dadi akasema, "hapo ndo umezidi kutisha."
Damu ni ubuyu uliokorogwa na wanga wa muhogo.
Siafu walinifikia kabla ya risasi.

Tuliowindwa tulikuwa sita.
Wa kwanza alikufa vizuri.
Wa pili alikufa haraka, ana karafuu zake uwanjani
na wingu limeshatanda.
Wa tatu alinaswa kwenye wavu, akacheka, ikabidi anaswe tena.
Mie wa nne. Kazi yangu kukimbia,
kuanguka penye gogo, kutazama juu, kusema
"Roho haina bei,"
kisha kufa kwa bei tuliyokubaliana.

Wakaletwa mbwa wa wasasi wa Makangale,
wale wanaosaka nguruwe kwenye mihogo.
Dadi alitaka meno, alitaka povu.
"Mshike, Mtasema! Mshike!"
Mtasema akaja mbio, masikio nyuma,
simu imefungwa kwenye fimbo inamwandama ubavuni,
akaruka, akanifika kooni,
akalamba ubuyu.
Ananijua. Mwaka mzima namtupia vichwa vya changu.
"Kata!" Dadi akapiga kelele. "Kata!"
Popo wote wa Ngezi wakaamka mchana kweupe.

Mara ya tatu mbwa akafungwa, nikakimbia peke yangu.
Hapo sijui.
Hakuna aliyenifukuza.
Majani yananichapa uso, pumzi yangu naisikia kama ya mtu mwengine,
na miguu ikakumbuka kitu ambacho mie sikikumbuki:
ikalipita gogo, ikaipita alama ya chokaa,
ikaenda mpaka sauti ya Dadi ikawa kama ya mbu.
Nikajikuta nimekunjamana chini ya mzizi,
kiganja kimeziba mdomo wangu mwenyewe.
Kipande hicho hawakukipiga.

Ikaonyeshwa Konde, ukutani mwa ghala,
kwenye shuka mbili zilizoshonwa, mshono ukipita
katikati ya uso wa kila mtu.
Nilipokufa watu walicheka. Nami nilicheka.
Mama aliinuka mapema, akabeba mkeka wake.
Nikamfuata gizani: kwani haikukupendeza?

"Weye ulikuwa mgongoni kwangu," akasema. "Una miezi saba.
Siku mbili tulilala humo.
Nilikutia ncha ya kanga mdomoni usilie.
Wala hapakuwa na mtu wa kusema kata."

Akaukung'uta mkeka ilhali hauna mchanga.
Nilimuuliza mwaka gani. Akauliza kama nimekula.

Siku hizi watoto wa mtaani wanacheza filamu yetu.
Bomba lilipatikana, suti ni gunia la mbolea.
Wote matajiri. Wanagombana mpaka magharibi,
hakuna anayekubali kuwa wa nne.
Jana wakamtaka Zuwena, binti yangu,
kwa kuwa, ati, kwao ndiyo kazi ya ukoo.
Akafikiri, kidole puani.
"Mie sikimbii," akawaambia.
"Mie n'takuwa Mtasema."