Bado Hujaingia

Nywila ni sahihi. Mlango wenyewe unasema ni sahihi,
unafunguka, unanimeza,
kisha unanitema kwenye kizingiti kilekile:
Tafadhali ingia.
Naingia. Tafadhali ingia.
Mara kumi na tisa nimebisha hodi nyumbani kwangu.

Luthuli imelala, spika zote zimefungwa mdomo.
Orofa ya tano, baridi ya Julai inapenya chini ya dirisha,
na mimi nimevaa koti la Odera, aliyeondoka saa tatu
akisema, "Kwangu inafanya kazi."
Kwake ni kwake!
Wachuuzi wa Marikiti hawataweka akiba
kwenye kompyuta ya Odera.

Nimekagua anwani ya kurudishia, herufi kwa herufi,
nikakuta mkwaju mmoja umezidi mwishoni,
nikaung'oa, nikashangilia. Mapema.
Nimefuta kuki, nimebadili kivinjari,
nimeisoma faili ya mipangilio kama mkataba wa kupanga,
nikitafuta alichokificha mwenye nyumba.
Nimemshuku Odera. Nimeishuku hifadhidata.
Nimejishuku mimi, kidogo tu.

Saa tano usiku Bi. Moraa, mweka hazina, kaandika:
"Binti, viazi vya Molo vinashuka saa kumi. Tuko sawa?"
Nikamjibu, tuko sawa.
Njia ya mwongo ni fupi;
yangu ilikuwa na urefu wa saa tano.

Saa saba nikashuka kutafuta chai.
Kurudi, zamu imebadilika. Bawabu mpya,
kijana, Ekiru, kofia imemzidi kichwa,
kitabu cha wageni wazi chini ya tochi.
"Jina?"
"Kathambi, orofa ya tano. Nimo humo tangu jioni."
Kidole kikashuka kwenye mistari, kikasimama.
"Kathambi. Nane na dakika kumi."
Akatazama saa ya mkononi. "Sasa ni saba na nusu.
Dada, wewe bado hujaingia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Niliandika 8.10 kwa saa ya simu yangu,
yeye akaisoma kwa saa ya mama yake,
na baina ya saa hizo mbili nimesimama, chai inapoa,
mtu halali, mwenye jina halali,
wa wakati ambao haujafika.

Wakati ambao haujafika.

Chai ikamwagika ngazini.

Kwenye kumbukumbu za seva, mstari nilioupita usiku kucha
kwa kuwa haukuwa mwekundu:
tokeni haijaanza kutumika.
Seva inayotoa funguo imetangulia kwa saa tatu,
imeshika saa ya Nairobi na kuiita saa ya dunia.
Kila ufunguo unafika mlangoni kabla ya kuzaliwa,
na mlango, kama Ekiru, unafuata kitabu.

Nani aliitegesha saa hiyo? Jina liko palepale,
tarehe kumi na mbili Juni, jioni, kwa haraka:
Kathambi.
Pole, Odera. Koti lako nitalifua.

Nikafuta mstari mmoja. Nikabisha.
Karibu, Kathambi.
Nikatoka, nikabisha tena,
nipate tu kukaribishwa.

Saa kumi na dakika sita akaingia Moraa.
Kisha Wanjohi wa Viazi. Kisha mtu aliyejisajili
kama Mama Vitunguu Namba Mbili.
Kitufe cha kulipia kimepinda kwenye simu ndogo;
hicho kitangoja Jumatatu.

Mlangoni Ekiru akanisogezea kitabu. "Saa ya kutoka?"
Nikashika kalamu, tarakimu nikaziacha,
nikaandika kwa herufi kubwa: ALFAJIRI.
Akasoma. Akafikiri.
Akaongeza pembeni, kwa mwandiko wake:
ya leo.